Jibu Alilofundishwa Bi Umi

Sehemu ya sita

Ewe uliyeokota gazeti hili dukani likiwa limefungiwa papa mkavu, likung'ute uketi, hujachelewa sana. Na nyinyi mliokuwa nami tangu mwanzo, nivumilieni kidogo nimweleze mgeni. Mkianza kunung'unika nitarudia tangu sehemu ya kwanza, shauri yenu.

Bi Umi wa mtaa wa Langoni, hapa Amu, alikuwa somo. Msichana akivunja ungo alikuwa akiwekwa ndani, akawa mwari, akapewa mwanamke mtu mzima wa kumsinga mwili kwa manukato, kumfunza mambo ya wakubwa, na kumfichia siri zake mpaka kufa. Huyo ndiye somo. Bi Umi aliwalea hivyo nusu ya wanawake wa mji. Mmoja wao ni Hadia, binti wa kwanza wa mtaa ule kwenda kusomea ualimu Mombasa na kurudi na cheti.

Lakini huu ni mwaka wa tatu wa Uhuru, na mambo yamegeuka. Nyumba kubwa zinahamia Mombasa. Maharusi wanapambwa na wageni. Bi Umi ni mjane, na mlango wake ulikuwa haubishwi hodi tena kama zamani. Hadia akamwona, akamwonea uchungu, akamwambia, "Somo, shule yetu mpya ya wasichana yataka mlezi. Hiyo ni kazi yako ile ile, ila hii ina kengele."

Bi Umi aliogopa. Mwanamke aliyezoea kuingia nyumba za watu kwa mlango wa uani, leo akae ofisini mbele ya Mwalimu Mkuu! Hadia akamfundisha ujasiri kila alasiri, kama anavyofundishwa mtoto alifu na be.

"Ukiulizwa na Mwalimu, jibu. Uinue mato, sauti itoke."

"Na lile nisilotaka kusema?"

"Kazini hakuna kutotaka, somo. Ukijibu kila kitu 'Mngu ndiye ajuaye', watasema huna ujualo."

Bi Umi akajifunza. Akainua macho. Akapata kazi, kwa majaribio.

Sasa ndipo penye mwiba. Mwalimu Mkuu ni Mwalimu Nerea, mtu wa bara, pande za ziwa, mwanamke mwema asiyekuwa na hila. Alitaka kuwajengea wasichana wakubwa chumba cha kuogea. Akamwita Bi Umi ofisini, Hadia akiwapo, akauliza, "Hawa wa darasa la juu, yuko ambaye bado hajawa mtu mzima?"

Bi Umi akanyamaza. Maana katika darasa lile alikuwamo Mwanamkisi, binti wa Bwana Muhdhar, na Bwana Muhdhar alishaapa mbele ya watu kwamba siku binti yake akivunja ungo, shule basi. Naye alishavunja, tangu mwaka jana. Mamake, Bi Mahfudha, alilificha ili mtoto asome. Bi Umi alilificha pamoja naye. Hadia, mwalimu wa darasa, alilijua pia, akalificha.

Bi Umi akageuza macho, akamtazama Hadia: niseme, nisiseme?

Na Hadia akaitikia kwa kichwa: sema.

"Hakuna aliyebaki," akasema Bi Umi, macho juu, sauti imetoka, kama alivyofundishwa.

Haya. Mgeni ameshaelewa. Tuendelee, na mwenye moyo mdogo ampe mwenzake asome.

*

Alhamisi alasiri wazazi waliitwa shuleni. Akina baba walikaa darasani kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Akina mama walikaa chumba cha pili na mabuibui yao, mlango wa katikati ukiwa wazi ili wasikie.

Mwalimu Nerea akasimama.

"Wazazi wangu, sina mengi. Tunataka kujenga chumba cha kuogea cha wasichana wakubwa. Mlezi wetu, Bi Umi, amenithibitishia kwamba darasa la juu lote sasa ni watu wazima. Hakuna aliyebaki."

Hadia alikuwa amesimama karibu na ubao.

Kwa kina Mwalimu Nerea, huenda neno lile ni la heri, la kumpongeza mzazi. Amu halitajwi mbele ya wanaume. Hunong'onwa jikoni, tena kwa mafumbo. Mwalimu Nerea hakujua. Hadia alijua ya bara na alijua ya huku, na alikaa katikati akafumba mdomo. Sasa Hadia, nikuulize mimi, ulidhani mwenzio aliuliza ili akaliweke kabatini?

Chumba cha pili akina mama wakavuta mabuibui usoni.

"Na kwa kuwa Bi Umi amejibu vizuri, bila kubabaika," akaendelea Mwalimu Nerea, uso unamng'aa, "kuanzia leo si wa majaribio tena. Ni mlezi kamili wa shule hii. Mpigieni makofi!"

Makofi yakapigwa. Baba wengine walikuwa wakijua ya watoto wao siku nyingi, wakipiga chenga tu. Bwana Muhdhar naye alipiga makofi, taratibu, macho kayakaza kwenye ubao.

Mkutano ulipokwisha alimfuata Hadia. Hakuja kwa ghadhabu. Alikuja kwa adabu, kofia imekaa sawa.

"Mwalimu, hongera kwa kazi."

"Ahsante, Bwana Muhdhar."

"Mwanangu yu darasa la juu, au siyo?"

"Naam."

"Basi naomba mkoba wake, twende zetu."

"Bwana, masomo ya leo bado hayaja..."

"Yake yamekwisha," akasema. "Mola akulipe kheri kwa ulivyomfunza."

Alimshukuru! Laiti angemtukana. Hadia angejua la kufanya na tusi, lakini shukrani ile ilimwingia akaenda nayo mpaka ofisini, haimtoki.

Mwanamkisi alitoka nyuma ya babake, buibui limefunika mpaka vidole. Hakulia. Alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na wiki ile ile alikuwa amemwambia Hadia kwamba anataka kuwa muuguzi.

*

"Amepelekwa wapi yule mtoto?" aliuliza Mwalimu Nerea.

Hadia akamweleza. Mwalimu Nerea alisikiliza amesimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena.

"Hadia! Wewe ni mtoto wa hapa. Mimi nimetoka huko bara, nitajuaje? Mbona hukuniambia?"

Sikilizeni, wasomaji wangu. Mlango wa kwanza wa kweli ulifunguliwa hapo, wazi kabisa. Hadia alikuwa na neno moja tu la kusema.

"Sikufikiri, Mwalimu."

Uongo. Alifikiri. Siku mbili kabla ya swali lile, Mwalimu Nerea alikuwa amemwambia pembeni, "Huyu mlezi uliyeniletea mbona muoga? Sijui kama tutamweka." Hadia akalala na maneno yale. Aliona aibu kwamba yeye ndiye aliyemleta, yeye ndiye aliyemsifu, na Bi Umi akikataliwa watu watasema cheti cha Mombasa hakina maana. Kwa hiyo somo wake alipomtazama, hakumwona Mwanamkisi hata kidogo. Alijiona yeye.

"Na Bi Umi," Mwalimu Nerea akauliza, "alijua baba mtu ameapa?"

"Alijua."

"Sasa kwa nini alisema?"

"Labda alidhani ni amri."

Hiyo labda! Kuna labda zinazostahili kuchapwa bakora.

"Amri?" Mwalimu Nerea aligonga meza. "Hadia, mimi nilitaka mlezi, sikutaka mtu wa kunipigia saluti. Angeniambia tu, 'Mwalimu, hili silisemi, ni siri ya mtoto,' wallahi kama mnavyoapa nyinyi, ningemheshimu zaidi. Mlezi asiyeweza kuweka siri ya mtoto ni mlezi gani? Kamati ya shule itaniuliza. Kesho itabidi nizungumze naye. Sijui kama atabaki."

Kumbe jibu sahihi lilikuwa lile lile ambalo Bi Umi alitaka kulitoa tangu siku ya kwanza, kabla hajafundishwa. Mwanamke yule alikuja na kifua cha kuhifadhi, na Hadia ndiye aliyemwambia akiache nyumbani, kazini hakifai.

Akafungua mdomo aseme. Kengele ikalia, wasichana wakajaa ukumbini, Mwalimu Nerea akatoka. Hadia akajiambia: nitasema kesho. Wanadamu tuna kesho nyingi sana tunapotaka kuepa leo.

*

Bi Umi alikuwa stoo, anakunja mashuka. Aliyakunja yakawa mapande sawasawa, akayapanga, akayapangua, akayakunja tena.

"Mahfudha amenitumia mtu," akasema bila kugeuka. "Aniita kwake, sasa hivi. Twende wote."

"Somo, mimi ndiye niliye..."

"Tusilinene hapa wala ndiani. Kuna pahali pake pa kulisema."

"Lakini somo..."

"Nimekwambia pana pahali pake. Vaa buibui."

Hadia akavaa. Alielewa, msiniambie hakuelewa. Bi Umi alikuwa anampeleka mbele ya mwenye haki yake, akalitoe huko neno lake kwa kinywa chake. Akikosa huruma Mahfudha, basi angalau atamlaumu aliyekosa. Njia nzima Hadia alijipanga: nitasema ni mimi, nilimwashiria, yeye hakutaka. Maneno matatu, manne. Mbona mepesi! Hata mtoto wa chuo cha Kurani angeyasema.

Walipita vichochoro mpaka mtaa wa Mkomani, Bi Umi mbele, Hadia nyuma, kama walivyokuwa wakitembea miaka ile Hadia alipokuwa mwari.

Bi Mahfudha hakuwapa karibu. Alikaa kitandani ndani kabisa, macho mekundu, mapazia yameshushwa. Mwanamkisi alikuwa pembeni, amejiinamia, leso mpya begani. Alishaanza kuwa mwari kwa jina na kwa kweli.

"Bi Umi."

"Labeka, mwanangu."

"Usiniite mwanangu leo. Wewe ni somo wangu, na mwanangu nilikupa amana. Mwaka mzima nimelala na hofu, kila mume wangu akikohoa nikidhani amejua. Nikasema, alhamdulillahi, siri iko kwa Bi Umi, imefika. Leo mwanangu atangazwa mbele ya waume wa mui mzima, na walio jirani wampigia makofi!"

"Haki yako yote," akasema Bi Umi.

"Haki yangu hairudishi mtoto shule! Babake asema hatoki tena mlangoni ila kwa ndoa. Nimemlilia, nimemshika miguu. Asema, 'Wewe na Bi Umi mlinifanya mjinga ndani ya nyumba yangu.' Na si uongo!" Akajifuta machozi kwa upande wa kanga. "Nataka yambo moja tu nilijue. Umefunga mdomo miaka yako yote. Siri za mama yangu umezizika, siri zangu umezizika. Nani alokwambia useme hii?"

Hilo halikuwa lake Bi Umi kulijibu.

Alijigeuza kidogo, akamtazama Hadia. Alimtazama vile vile alivyomtazama ofisini. Akangoja.

Sema, mwanamke! Nawaambia kweli, nikiandika hapa mkono wangu unataka kumsukuma. Sema!

Hadia alikuwa nalo neno lile tayari. Akaona vile vile kila kitakacholifuata: Mahfudha akimfukuza, mji ukisema mwalimu wa kwanza wa Langoni ndiye aliyewauza wasichana wao, baba wengine nao wakija kuomba mikoba. Akajiambia ananyamaza kwa ajili ya shule. Akajiambia hivyo, na akajua papo hapo kuwa si kweli. Alinyamaza kwa sababu aliogopa.

Akateremsha macho kwenye mkeka. Yeye, aliyemfundisha mwenzake kuinua macho.

Bi Umi alingoja mpaka ikawa kungoja hakuna maana. Kisha akamgeukia Mahfudha.

"Nimesema kwa kinywa changu," akasema. "Hakuna alonishika ulimi."

"Basi toka." Sauti ya Mahfudha ilikuwa chini. "Nyumba hii huingii tena kwa usomo. Na nyumba nyingine zitasikia, nitazisikizisha mimi mwenyewe."

"Nikiwa nimekosa, nisamehe."

"Toka, Bi Umi."

Bi Umi alisimama kwa shida, mkono ukutani, akajifunga buibui lake. Hakumtazama Hadia tena. Akatoka.

Asubuhi ile alikuwa mlezi wa shule na somo wa mji. Jioni haijaingia, shule inamtilia shaka na mji unamfukuza, na mtu ambaye angeweza kumwokoa kwa kote kuwili amekaa juu ya mkeka, mzima, ana ulimi.

*

Hadia alinyanyuka amfuate. Safari hii alikuwa na nia, hilo siwezi kumnyima. Lakini Mahfudha alimshika mkono.

"Wewe usende, Mwalimu. Kaa."

Akakaa.

"Mwanangu hawezi kuwa ndani bila somo," akasema Mahfudha, sasa kwa upole wa mtu aliyelia akachoka. "Na somo nimtakaye ni mtu mwenye kifua. Nimefikiri tangu nitoke shuleni. Siri yetu hii ilikuwa kwa watu watatu: mimi, Bi Umi, na wewe. Mimi sikusema. Yeye amesema. Wewe umekaa na mtoto kila siku darasani, ukaonana na babake njiani na dukani, na halikukutoka neno."

"Bi Mahfudha, tafadhali..."

"Niachie nimalize. Mwanangu akupenda. Umesoma, utamfunza ya kwetu na ya vitabuni, papa hapa ndani. Pengine babake akimwona yuko mikononi mwako, moyo utamlainika, huenda hata akamwachia afanye mtihani kwa mlango wa nyuma. Mimi sina tena mtu wa kumwamini isipokuwa wewe."

Jamani! Kuna adhabu za fimbo na kuna adhabu za kusifiwa.

"Ngoja nimwite mama mkwe," akasema Mahfudha, akanyanyuka. "Jambo hili halifanywi bila mtu mzima."

Akatoka. Hadia na Mwanamkisi wakabaki peke yao.

Msichana aliinua kichwa.

"Mwalimu."

"Naam, Mwanamkisi."

"Siku ile mlipokuwa ofisini nilikuwa nje ya dirisha, namwaga maji ya kufutia ubao. Nilisikia swali. Nikachungulia." Akashusha sauti. "Nilimwona Bi Umi akikutazama. Na wewe nilikuona."

Hadia akageuka kutazama pazia.

"Sitamwambia mama," akasema Mwanamkisi. "Mimi nilikuwa nakungoja useme. Hapa, sasa hivi, Bi Umi alipokutazama, nilikuwa nakungoja. Nikasema moyoni, atasema tu, ni Mwalimu wangu."

"Mwanamkisi, mimi..."

Pazia likasukumwa. Aliingia mama mkwe, bibi mkavu mwenye fimbo, na nyuma yake Mahfudha na mashangazi wawili wa nyumba, chetezo cha udi kinafuka. Na nyuma yao wote, loo, akaingia Bi Umi.

"Nimemkuta mlangoni, kwenye daka, anavaa viatu," akasema bibi. "Nikamwambia rudi. Mwari si kuku, apokonywe huyu apewe yule. Aliyempokea kwa siri atamtoa mbele ya watu, ndipo mtoto asilaumiwe baadaye."

Mahfudha hakupenda, lakini kwa mama mkwe hana kauli.

Bi Umi alikwenda mpaka kwa Mwanamkisi. Akamnyanyua kwa mkono. Akauleta mkono ule mpaka mbele ya Hadia.

"Huyu alikuwa mwari wangu," akasema. Sauti ilimtoka wazi, macho yako juu. "Nimeambiwa mimi sina kifua, na wewe unacho. Basi nakukabidhi mbele ya hawa. Mtunze."

"Sema umempokea, mwanangu," bibi akamhimiza Hadia. "Mshike mkono, useme, 'Nimempokea kwa amana.' Kisha tumfukize udi, yaishe."

Mashangazi wakasogea karibu. Mahfudha akaweka mikono kifuani, machozi yanamtoka, lakini sasa ni ya shukrani.

Mwanamkisi hakumtazama mamake wala bibi. Alimtazama Hadia, mkono wake mdogo umenyooshwa, unangoja, na wa Hadia bado ulikuwa mapajani, hataki kuupokea wala hathubutu kuukataa.

"Haya, Mwalimu," akasema bibi. "Watu wazima hatungojeshwi."